Kaka anataka kuigawa albamu ya Mjomba kwa wembe

Shangazi, shikamoo.

Nina kitu mezani ambacho sijui nikifanyie nini, na nina ndugu wawili ambao sitaki kugombana nao.

Mjomba wetu alikuwa mpiga piano. Ujana wake alisomea Paris, na huko akanunua kwa mjane mmoja albamu yenye jalada la ngozi, ya zile ambazo watu wa karne ya 19 waliwapa wageni mashuhuri waandike neno na kutia saini. Alikaa nayo maisha yake yote. Alipofariki mwaka jana alituachia sisi watatu, kaka yangu mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa kike, kwa maneno matatu tu: "Iwe yenu nyote." Igawanywe vipi, hakusema.

Ina kurasa 42, nyingi tupu. Kwenye ukurasa mmoja Liszt, mtunzi na mpiga piano, ameandika nota chache na kutia saini, juu ya karatasi ya albamu yenyewe. Kuna barua za watunzi wa Ufaransa, moja ya Gounod, mbili za Massenet na moja ya Saint-Saëns, zote zimebandikwa kwa gundi, na picha ya Puccini, mtunzi wa opera wa Italia, yenye saini yake. Ukurasa wa kwanza umejaa maandishi ya Kifaransa ya mwenye albamu wa zamani, ambayo hatujayasoma vizuri. Baada ya ukurasa wa Liszt pana ukurasa mmoja uliokwisha kukatwa zamani. Kimebaki kipande chembamba kwenye mshono, kama kisiki. Na ndani ya jalada la nyuma imelala karatasi moja isiyobandikwa popote, imejaa nota zilizoandikwa harakaharaka na kufutwafutwa. Haina saini, ila juu yake mtu ameandika kwa penseli: Beethoven.

Karatasi hiyo ndiyo imetuvuruga. Kaka alisoma habari za muswada wa Beethoven uliopatikana Marekani mwaka 2005 ukauzwa kwa zaidi ya pauni milioni 1, na tangu siku hiyo hana usingizi. Amepata mnunuzi mtandaoni. Huyo mnunuzi anasema kurasa mojamoja zinauzika haraka kuliko albamu nzima, na kwamba bei ya ile ya Beethoven ataisema akishaishika mkononi, kwa hiyo tumtumie. Kaka ameshanunua wembe. Hesabu yake ni rahisi: vitu vyenye saini ni sita, sisi ni watatu, kila mtu viwili, na karatasi ya Beethoven iuzwe tugawane fedha.

Mdogo wetu naye aliibandua barua moja ya Massenet akaenda kuilamineti ili isichakae. Alifanya kwa mapenzi. Imerudi inang'aa, lakini wino unaonekana umepauka na pembeni kuna mapovu. Alipoyaona alilia.

Mimi natamani albamu ibaki kama Mjomba alivyoiacha. Nikisema hivyo, kaka ananijibu kwamba nataka kuikalia peke yangu, na sina hoja ya kumrudishia. Shangazi, je, ni kosa kuzitoa? Ile karatasi ni ya Beethoven kweli? Na tugawane vipi tubaki ndugu?

Wa katikati

*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na Mjomba.

La kwanza ni ule wembe. Nenda kwa kaka yako leo, umwombe auweke kando mpaka mkae watatu mlisome jibu hili. Mwombe, usimnyang'anye. Karatasi iliyokaa kwenye mshono zaidi ya miaka mia haiharibiki kwa kungoja mwezi mmoja, ila ikishakatwa hakuna anayeirudisha.

Unasema huna hoja. Unayo, tena kaka yako ndiye aliyekuletea. Muswada ule wa 2005 ulikuwa Grosse Fuge, kazi ambayo Beethoven aliipanga upya ichezwe na watu wawili kwenye piano moja. Mkutubi aliukuta katika chuo cha theolojia huko Pennsylvania. Ulikuwa na kurasa 80, na mtu mwenye hesabu za wembe angeona hapo wanunuzi wengi. Walioushika hawakuona hivyo. Uliuzwa London, kwenye nyumba ya mnada ya Sotheby's, ukiwa mzima, na mwaka uliofuata aliyeununua akaukabidhi kwa shule ya muziki ya Juilliard, New York. Tena haukuaminiwa kwa sababu ya jina lililoandikwa juu. Ilijulikana kwamba uliwahi kupigwa mnada Berlin mwaka 1890 kabla ya kupotea machoni pa watu, na kila ukurasa ulionyesha mkono wa mtu anayefuta, anayerudia, anayebandika karatasi juu ya kosa.

Sasa msikilize Mozart. Mwezi wa Oktoba mwaka 1782 aliandika rondo, yaani muziki ambao kiitikio chake hurudi tena na tena, ya piano na okestra, ile ambayo wataalamu huiita K. 386. Baada ya kifo chake muswada ukapita mikono kadhaa, ukafika kwa William Sterndale Bennett, mtunzi na mpiga piano wa Uingereza. Huyu hakuwa mjinga wala mwizi. Alimpenda Mozart. Lakini alizigawa kurasa kwa watu, na nyingine akazikata vipande ili kila mtu apate mwandiko kidogo wa bwana mkubwa. Kwa miaka mingi kazi ile ikawa haina mwisho. Mwaka 1980 mtaalamu aitwaye Alan Tyson alizikuta kurasa za mwisho katika Maktaba ya Uingereza, London, na hata baada ya hapo kuna mapengo ambayo wachezaji huyajaza kwa nota za kukisiwa na watu wengine. Nikiisikia hewani huwa nasubiri yale mapengo. Inaniuma kila mara, kwa sababu hayakuletwa na vita wala moto. Yaliletwa na ukarimu wa mtu mwenye mkasi.

Daftari za Beethoven za kujaribia nyimbo ziliingia katika mkondo huohuo. Alifariki Machi 1827, na Novemba mwaka huohuo karatasi zake zikapigwa mnada Vienna. Baadhi ya waliozipata walichana kurasa, nyingine za kuuza, nyingine za kutoa zawadi. Watu wa karne ya 20 walikuja kutumia miaka kuzipanga tena daftari hizo kwa kulinganisha matundu ya sindano ya mshono, alama za maji ndani ya karatasi (nembo ya kiwanda inayoonekana karatasi ikiinuliwa mbele ya mwanga), na madoa ya wino yaliyogusa ukurasa wa jirani. Doa la wino, mwanangu! Ukurasa ulioko nchi moja unatambuliwa kuwa ulilala juu ya ulioko nchi nyingine kwa sababu wino ulikuwa bado mbichi daftari lilipofungwa.

Rudi sasa kwenye albamu yenu. Massenet, Gounod na Saint-Saëns waliandika barua nyingi sana, na saini zao si adimu sokoni. Ukurasa wa Liszt una uzito zaidi, maana wakusanyaji huthamini nota zilizoandikwa na mtunzi mwenyewe kuliko jina tupu. Lakini zikitawanywa, hizo sita zinakuwa sita kati ya maelfu. Zikiwa pamoja, ndani ya jalada lao, na yale maandishi ya Kifaransa mbele, zinaonyesha nyumba moja na mtu mmoja aliyewafungulia mlango watu hao kwa miaka mingi. Kitu kama hicho hakipatikani kwa kununua saini mojamoja. Mwonyeshe kaka yako jambo hili kwa fedha kama ndiyo lugha anayoielewa kwa sasa: nyumba ya mnada yenye jina itauliza kwanza albamu imetoka wapi, na jibu liko kwenye ukurasa wa kwanza ambao hesabu yake imeuacha bila mwenyewe.

Kwa hiyo tafuteni mtu anayekijua Kifaransa cha mkono cha wakati ule, awasomee neno kwa neno. Majina, tarehe, anwani. Kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo, nayo ni nzito. Paris ilivamiwa na jeshi la Ujerumani mwaka 1940, na wanamuziki Wayahudi waliporwa mali zao. Wanda Landowska, mpiga hapsikodi, ala ya kale ya jamii ya piano, aliyejulikana dunia nzima, alichukuliwa maktaba yake na ala zake nyumbani kwake Saint-Leu-la-Forêt mwaka huo. Ndiyo maana mnunuzi mwaminifu, na kila jumba la makumbusho lenye heshima, atataka kujua kitu cha Paris kilikuwa kwa nani kati ya 1933 na 1945, miaka ya utawala wa Wanazi. Simtuhumu Mjomba wala yule mjane. Nawaambia muandike leo yote mnayokumbuka aliyowahi kuwasimulia, mtafute risiti, mtafute barua zake za wakati ule, kabla kumbukumbu hazijachanganyikana.

Kuhusu mdogo wenu: msimlaumu tena, machozi yake yametosha. Wala msijaribu kuichana ile plastiki, msiipashe moto, msiitie maji. Gundi ya kulamineti huyeyushwa kwa joto ikazama ndani ya karatasi, na ukivuta plastiki unavuta wino pamoja nayo. Mpelekeeni mtaalamu wa kuhifadhi nyaraka aitazame. Huenda akaweza, huenda akawashauri iachwe hivyohivyo. Zilizobaki ziacheni zilivyobandikwa. Albamu ilale bapa ndani ya boksi la karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu pasipo joto wala jua, si kwenye dari la nyumba, si ukutani ndani ya fremu. Wino wa zamani ulitengenezwa kwa chumvi ya chuma na vinundu vya mti wa mwaloni, una asidi ndani yake, na ukipata unyevu huanza kuila karatasi. Baadhi ya miswada ya mtunzi Bach huko Berlin ilitobolewa na wino wake mwenyewe mpaka nota zikaanza kudondoka. Na mkitaka kuishika, nawa mikono, ikaushe vizuri, basi. Glavu za kitambaa huifanya mikono iwe mizito, na hapo ndipo ukurasa unapochanika.

Yule mnunuzi, mkataeni. Anayeomba atumiwe karatasi halisi kabla ya kutaja bei hajaomba kuitathmini, ameomba kuimiliki. Tathmini ya mwanzo hufanywa kwa picha: mbele na nyuma, kwa mwanga mzuri, rula ikiwa pembeni, na picha nyingine karatasi ikiwa imeinuliwa mbele ya mwanga. Mtu anayejua kazi yake hutosheka na hizo kwa hatua ya kwanza. Huyu amewashauri pia mkate kwa wembe, na neno hilo peke yake lingetosha mimi kumfungia mlango.

Kugawana sasa. Hapa nakutetea kidogo tu, kwa sababu kaka yako ana haki yake. "Iwe yenu nyote" haimaanishi iwe kabatini kwako. Kama wewe ndiye unayetaka ibaki nzima, basi wewe ndiye wa kwanza kubeba gharama ya matakwa hayo. Itafutieni thamani kwa watu wawili wasiojuana, wala mtathmini asiwe yuleyule anayetaka kununua. Kisha mseme: nani anataka fedha, nani anataka albamu. Anayetaka albamu awalipe wenzake mafungu yao, hata kidogokidogo, kwa maandishi. Mkishindwa, iuzwe nzima na fedha zigawanywe mara tatu. Au ipelekwe katika maktaba ya muziki kwa jina la Mjomba. Mimi moyo wangu uko kwenye njia hii ya mwisho, lakini siwezi kuwaamulia, maana mimi sidaiwi karo ya mtoto wa mtu. Kabla ya njia yoyote, kila ukurasa upigwe picha, pamoja na tupu, na kila mmoja wenu apewe nakala kamili. Watunzi hao wote walifariki miaka mia au zaidi iliyopita, Puccini akiwa wa mwisho mwaka 1924, kwa hiyo haki za maneno yao zimekwisha katika nchi nyingi. Ila mkitaka kuzichapisha, ulizeni sheria ya mahali husika, kwa kuwa baadhi ya nchi zina masharti yake kwa barua ambazo hazijawahi kuchapishwa. Na mkiuza nje ya nchi, ulizeni kwanza kama karatasi za kale zinahitaji kibali kuvuka mpaka.

Nimeiacha ile karatasi mwisho kwa makusudi, ili msisome yote yaliyotangulia mkiwa mnaiwaza.

Jina la penseli lina maana ndogo sana. Miaka yote hiyo wamepita watu wengi walioandika jina kubwa juu ya karatasi ndogo, wengine kwa matumaini, wengine kwa hila. Milano alikuwepo mtu aitwaye Tobia Nicotra aliyeghushi miswada ya watunzi juu ya karatasi za kale, akafungwa mwaka 1934, na kazi zake zilikwisha kuwafikia watu wenye elimu yao. Wala si kila kosa ni hila. Anna Magdalena, mke wa Bach, aliandika nota kwa mkono uliofanana na wa mumewe kiasi kwamba nakala yake ya kazi za selo, ala kubwa ya jamii ya fidla, ilidhaniwa zamani kuwa mwandiko wa Bach mwenyewe. Beethoven naye alikuwa na wanakili waliomwandikia kwa malipo. Karatasi inaweza kuwa ya wakati wake, ya mji wake, ya muziki wake, na bado isiwe ya mkono wake.

Kufutwafuta kunakovutia macho ya kaka yako ni dalili nzuri, lakini hata mwanafunzi anayejifunza kutunga hufuta. Anzeni na karatasi kabla ya nota. Iinueni mbele ya dirisha. Karatasi ya Beethoven ilitengenezwa kwa matambara, kwa kawaida kwa mkono, na mara nyingi ndani yake kuna alama ya maji ya kiwanda, herufi au umbo, pamoja na mistari hafifu ya chekeche lililochotea rojo. Karatasi ya mbao ilienea baadaye, yeye akiwa kaburini. Tazameni wino kwa lenzi: wa kalamu umezama, una mahali palipokoza na pale ulipoishia, lakini nakala ya chapa ina weusi wa aina moja au vijidoti. Kisha fungueni mtandaoni picha za miswada inayohifadhiwa Beethoven-Haus, mjini Bonn, kwenye nyumba aliyozaliwa. Wameziweka wazi kwa kila mtu. Msitafute kufanana kwa jumla, kila mtu atauona anaoutaka. Tazameni alama ya funguo mwanzoni mwa mistari, namna nota zinavyounganishwa mikia, namna anavyokata kosa. Bado hamtakuwa na jibu, ila mtakuwa na picha na maswali ya kumpelekea mtaalamu, na hilo linatosha.

Lakini kuna kipimo kimoja ambacho hakihitaji mtaalamu, nacho mmekilinda bila kujua. Kile kisiki baada ya ukurasa wa Liszt. Pimeni urefu wake. Tazameni rangi yake, unene wake, kama kina mistari ya chekeche au hakina. Kisha ileteni ile karatasi, bila kuikunja na bila kuilazimisha, muulaze ukingo wake wa kushoto karibu na kisiki, halafu na ule wa kulia.

Kama kingo zinakutana, ile ni karatasi ya albamu, na albamu ya mtu aliyempokea Massenet na Puccini haikuwa imeshonwa Beethoven alipofariki. Hapo kaka yako atalala. Nanyi mtakuwa na swali jipya, pengine tamu zaidi: ni mgeni gani aliyekaa akaandika nota hizo mara tu baada ya Liszt, na nani aliyekata ukurasa wake kisha akaogopa kuutupa? Maandishi ya ukurasa wa kwanza huenda yanamtaja. Kama hazikutani, karatasi iliingia humo kutoka kwingine, na hapo picha zenu zina kazi ya kufanya.

Ndiyo maana niliomba wembe usubiri. Mngekata zaidi, visiki vingekuwa vingi, na hakuna ambaye angejua kipi ni kipi. Pimeni mkiwa watatu, meza ikiwa kavu, na muniandikie mlichokiona.

Shangazi